Bustani Ndani ya Sufuria

Wako wasomaji wetu watakaoshangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida huzungumzia ndoa, malezi na mirathi, umeingia jikoni leo na kufunua sufuria ya pojo. Wasishangae sana. Nyumba haiishi kwa mawaidha peke yake, na mwenye kuyatoa mawaidha naye hula. Tena jambo tunalotaka kulieleza tumeliona kwa macho yetu likifanya kazi katika nyumba ya jamaa yetu wa karibu, wakati ambapo nyumba hiyo haikuwa na mwanamume wa kwenda sokoni wala mwanamke wa kutoka mlangoni. Mama zetu na dada zetu wengi wamewahi kuwa katika hali kama hiyo, na wengine wamo humo hivi sasa wakiisoma karatasi hii.

Jambo lenyewe ni kuotesha pojo ndani ya nyumba na kuzila zikiwa zimeota. Pojo ni zile punje za kijani ambazo ndugu zetu wa bara huziita ndengu na wa Tanzania huziita choroko. Sisi wa Mombasa tumezizoea zikipikwa kwa tui na kuliwa kwa wali au chapati. Nyingi tunazonunua madukani hutoka Kitui, Makueni na nchi nyingine za ukame, kwani mmea wake huvumilia mvua chache na hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu. Mboga nyingine tunazozitegemea hutaka ardhi, jua na mtu wa kufukuza kuku. Pojo ya kuotesha haitaki hata kimoja katika hivyo. Hutaka chombo safi, maji matamu, kiza, na mkono usiosahau.

Wazee huiita nafaka iliyooteshwa kimea. Neno hilo limewatia shaka baadhi ya watu, kwa sababu huko bara kimea cha mtama na cha wimbi hutumiwa kutengenezea pombe, na tumewahi kuulizwa darasani kama kukila kunafaa. Kunafaa bila ya shaka yoyote. Kuota si kuchacha. Punje iliyoota ni mmea mchanga, na mmea mchanga ni halali kama ulivyo mchicha; kinachoharamisha ni ulevi, nao hauji mpaka kitu kivundikwe kichache. Kimea hichohicho cha wimbi, kikikaushwa na kusagwa, hupikiwa watoto uji ulio mwepesi kumezwa na wenye nguvu ndani yake.

Ndani ya kila punje mmewekwa mche mdogo uliolala, na pembeni yake akiba ya chakula cha kuutosha siku zake za mwanzo. Maji yanapoingia, mche huamka na kuanza kuivunjavunja ile akiba ili upate kuila. Wanga hupungua ugumu, na ile sukari inayowajaza watu gesi tumboni baada ya kula maharagwe hupungua pia. Ndiyo maana wenye matumbo mazito huziona pojo zilizoota kuwa nyepesi kuliko zile kavu zilizochemshwa. Hupungua vilevile kitu kingine kilichomo katika nafaka na kunde, ambacho huyashika madini ya chuma na kuuzuia mwili usiyapate. Na lililo la ajabu zaidi, mche huanza kujitengenezea vitamini C, ambayo katika punje kavu ilikuwa kidogo mno. Gramu 100 za pojo zilizoota, kabla ya kupikwa, huwa na kiasi cha miligramu 13 za vitamini hiyo.

Jambo hili liliwahi kuokoa watu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, askari wengi wa Kihindi waliokuwa katika jeshi la Uingereza nchini Iraq walishikwa na kiseyeye, ule ugonjwa wa kuvimba na kutoka damu ufizi kwa kukosa vyakula vibichi. Chakula chao kilikuwa unga na adasi kavu. Watafiti wa taasisi ya Lister huko London, akiwamo mwanamke aliyeitwa Harriette Chick, walionyesha kuwa adasi kavu haikingi kiseyeye lakini adasi iliyorowekwa ikaota hukinga, wakashauri askari waoteshewe nafaka zao huko huko jangwani. Adasi ileile, gunia lilelile. Kilichoongezwa ni maji na siku mbili tatu za kungoja. Mwenye kuisoma Suratul An'aam atakumbuka kuwa aya ya 95 inaanza kwa kutaja kupasuliwa kwa punje na kokwa, na walimu wetu wa madrasa walikuwa wakitufundisha kwamba neno la Kiarabu lililotumika pale ni la asili moja na lile linalotajwa kwa mapambazuko.

Hata hivyo tusiwadanganye watu. Robo kilo ya pojo kavu, baada ya siku tatu, hujaza sufuria na kupita nusu kilo kwa uzito, na wengine wakiona hivyo hudhani chakula kimezaana. Kilichoongezeka kwa wingi ni maji. Gramu 100 za pojo kavu zina kiasi cha gramu 24 za protini, na gramu 100 za zilizoota hazina zaidi ya gramu 3 hivi. Basi pojo zilizoota zisichukue nafasi ya samaki, mayai au pojo za kawaida za tui katika nyumba yenye watoto wanaokua. Zichukue nafasi ya mboga, hasa siku ambazo mboga haipatikani au imefika nyumbani imekwisha kunyauka.

Na sasa tuieleze ile nyumba.

Dada yetu mkubwa alifiwa na mumewe mwaka juzi. Anaishi ghorofa ya tatu katika Mji wa Kale, nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao zilizosimama kama ngazi za minara. Mwanawe wa pekee yuko Qatar kwa kazi ya mkataba, akaja kumzika babake na kurudi baada ya wiki moja kwa kuwa ruhusa yake ilikuwa hiyo tu. Nyumbani alibaki dada yetu na mkaza mwana wake, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, na ambaye daktari alimwamuru apumzike na asipande wala kushuka ngazi. Dada yetu naye akaingia eda ya miezi minne na siku kumi.

Siku za mwanzo masinia yalipanda ngazi zile mpaka yakakosa pa kuwekwa. Hiyo ndiyo desturi yetu, na ni desturi njema. Baada ya hitima yakapungua, na wiki ya tatu yakakatika. Hatumlaumu mtu; kila nyumba ina mizigo yake. Lakini mjane hula pia wiki ya nne. Mwanawe alileta pesa, nasi tulipeleka mfuko kila Ijumaa, na mtoto wa jirani alikuwa akitumwa sokoni baada ya skuli akarudi na mchicha uliolala na nyanya zilizobonyea, maana wauza mboga wanamjua mtoto anapotumwa. Dada yetu hakulalamika. Alikuwa akila tonge mbili za wali mkavu akasema ameshiba. Yeye ni mtu aliyezoea kuipa nyumba yake na nyumba za wengine, na kukaa kitako kuletewa kulimuumiza, nadhani, karibu sawa na msiba wenyewe.

Aliyembadilisha si sisi. Ni jirani wa ghorofa ya chini, mama mzee wa Kibohora, ambaye kwao pojo zilizoota ni chakula cha asubuhi tangu kwa mabibi zao wa Gujarati. Siku moja alipandisha bakuli lake, pojo zilizokaangwa kwa haradali na bizari na kukamuliwa ndimu, akakaa na dada yetu, na kabla ya kuondoka akaomba aletewe robo ya pojo na kung'uto amwonyeshe. Wanawake wawili wenye umri wa kuwa na vitukuu wakainamia sufuria kama wasichana wanaojifunza kupika. Tulipofika Ijumaa iliyofuata tulimkuta dada yetu ameketi karibu na dirisha akizichambua pojo katika uteo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitusemesha yeye kabla hatujamsemesha.

Hapo yalitokea maneno. Bibi mmoja aliyekuja kumwangalia alisema haifai mwenye eda kujishughulisha hivi, kwamba mjane hutulia chumbani na kuacha kila kitu. Tunalitaja hili bila ya kumtaja mwenyewe kwa sababu si yeye peke yake mwenye fikira hii katika miji yetu. Mjane katika eda huacha kujipamba: manukato, hina, wanja, vito na nguo za kupendezea. Haolewi wala haposwi. Hulala katika nyumba yake na hatoki ila kwa haja. Kupika, kuoga, kuchana nywele, kushona, kuotesha pojo, kuuza akiwa ndani kwake na kumjibu mwanamume mwenye haja nyuma ya pazia, hayo hayakukatazwa. Eda imewekwa kuhifadhi haki, ikiwamo haki ya mume aliyetangulia na ya nasaba. Haikuwekwa kumkausha mwanamke mikono. Tulimwambia bibi yule hivyo kwa adabu, naye akanyamaza, na mwezi uliofuata, tunasikia, alituma bakuli.

Namna anavyofanya dada yetu ni hii. Pojo zake hununuliwa duka la vyakula, zile za kula. Msomaji asithubutu kutumia mbegu za kupandia kutoka duka la dawa za shamba, kwani nyingi hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu. Huzipepeta na kuzichambua katika uteo, akazitoa zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kwa kuwa punje iliyovunjika haioti, huoza, na huozesha jirani zake. Huziosha mara tatu au nne. Baada ya Isha huziroweka kwa maji mengi, na Alfajiri huzimwaga maji. Kwa joto letu saa saba au nane zinatosha. Nchi za baridi huacha hata saa kumi na mbili, na huku mtu akifanya vile atakuta povu. Kabla ya kuendelea hupitisha vidole na kuzitoa zile zilizobaki ndogo na ngumu kama changarawe. Hizo hazitaki kunywa maji hata zikirowekwa wiki, na zimeshavunja meno ya watu.

Kisha pojo huhamia katika kung'uto lililowekwa juu ya sufuria, ili maji yachuruzike na yasituame. Hapa ndipo wengi hupoteza mali yao. Mbegu hutaka unyevu na hewa pamoja. Ikikaa ndani ya maji hukosa pumzi na kuoza. Hufunikwa kwa kitambaa cha pamba kilichorowekwa na kukamuliwa, dada yetu hutumia kipande cha leso kuukuu, halafu kawa juu yake kuzuia nzi na mwangaza. Katika kiza huota nyeupe na laini. Katika mwangaza huwa za kijani na uchungu kidogo. Kung'uto la kusukwa kwa ukindu tunalolitumia kwa mambo mengine halifai hapa, kwa sababu uchafu hujificha katika sukwa zake na haliwezi kumwagiwa maji yanayochemka kila siku. La bati au la plastiki ngumu ndilo lifaalo. Na ile leso huchemshwa kila zinapoanzwa pojo mpya.

Husuuzwa mara nne kwa siku: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri, baada ya Magharibi, na kabla ya kulala. Dada yetu alizifunga nyakati hizo na sala kwa sababu siku za eda zinafanana, na mtu aliye ndani hupotewa hata na jina la siku. Mkia mweupe hutoka jioni ya siku ya kwanza. Siku ya pili huwa na urefu wa kucha. Siku ya tatu huwa na urefu wa kiungo cha kidole, nazo ziko tayari. Adasi hufanya vivyo hivyo, na uwatu pia, ingawa uwatu una uchungu usiopendwa na watoto. Maharagwe mekundu na fiwi zisiingizwe katika mchezo huu hata kidogo. Zina sumu ambayo haiondoki ila kwa kuchemshwa sana, na kuziotesha hakuiondoi.

Maji ndiyo mtihani wa mji wetu. Kinachofika Mombasa hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kila mwenye kukaa hapa anajua mfereji unavyoweza kukauka siku tatu bila ya taarifa. Visima vya Mji wa Kale vina chumvi. Maji ya chumvi yanaosha sakafu lakini hayaoteshi pojo. Huzichelewesha, na yakizidi chumvi huziua. Basi kila tone la kusuuzia lilikuwa la mfereji au la dumu lililopandishwa ngazi tatu mgongoni mwa mchukuzi na kulipiwa. Robo kilo ya pojo, tangu kuoshwa mpaka kuiva, humaliza kiasi cha dumu moja la lita 20. Dada yetu hakuyamwaga maji yale. Alichotea chooni na kupigia sakafu. Mkaza mwana alitutumia swali kama yale ya kurowekea yangefaa kwa udhu. Maji yaliyogeuka sana rangi au ladha kwa kuchanganyika na kitu kisafi kama pojo, katika madhehebu yetu ya Shafi, hubaki kuwa safi yenyewe lakini hayasafishi, kwa hivyo udhu kwayo hausihi. Sakafu haina neno.

Mwezi wa pili wa eda mfereji ulikatika kwelikweli, na mchukuzi wa maji hakuonekana siku nzima. Pojo zilizokuwa siku ya pili zikakaa tangu asubuhi hadi usiku bila ya kusuuzwa, na ilikuwa Machi, mwezi ambao hata kuta za mawe hutoka jasho. Zikawa na utelezi na harufu ya kitambaa kilichovunda. Mkaza mwana alitaka zioshwe zipikwe, akisema kutupa chakula ni israfu. Tulipigiwa simu kuamua. Kitu kilichoharibika kikawa kinadhuru si chakula tena, na kukitupa si israfu. Israfu ni kuacha kitu kizuri mpaka kikaharibika kwa uzembe, na hapa hakukuwa na uzembe wa mtu yeyote katika nyumba ile. Zikatupwa. Vyombo vikachemshwa, wakaanza upya maji yaliporudi.

Na hapa tunataka msomaji asimame nasi kidogo, kwani ndilo jambo lililotufanya tushike kalamu. Vijana wetu wa kike wanaangalia katika simu mafundisho yanayosema pojo zilizoota ziliwe mbichi, kwamba moto huua faida yake, na baadhi yanawahimiza hasa wajawazito. Mkaza mwana aliyaona hayo akataka kuzila mbichi kwa ndimu na chumvi. Tulimkataza, na dada yetu alisimama nasi.

Sababu yake ni hii. Joto na unyevu vinavyoiamsha mbegu ndivyo vinavyowaamsha vijidudu vilivyomo katika maganda yake. Mbegu imetoka shambani, ambako kuna samadi na mifugo, ikapita magunia, malori na maghala. Vijidudu vichache vilivyojificha katika ufa wa ganda havidhuru pojo kavu itakayochemshwa. Lakini vikipewa siku tatu za joto, maji na chakula, huzaana mara nyingi mno, na kuosha hakuvifikii. Mwaka 2011, kati ya Mei na Julai, watu wapatao elfu nne waliugua kaskazini mwa Ujerumani kwa kuhara damu, na wengi wakapatwa na kushindwa kwa figo. Zaidi ya watu 50 walifariki. Kwanza walilaumiwa wakulima wa matango wa Uhispania, wakapata hasara kubwa bila ya kosa. Mwisho ikajulikana kuwa ugonjwa ulipitia mimea iliyooteshwa kutoka mbegu za uwatu zilizoagizwa Misri, iliyoliwa mbichi katika saladi. Wengi wa wale waliopatwa vibaya walikuwa wanawake watu wazima, watu wenye afya, waliokuwa wakila kile walichoambiwa ni chakula cha afya. Na hiyo ni Ujerumani, yenye baridi, maji ya mfereji usiku na mchana, na hospitali katika kila mji.

Sisi tuko katika joto la nyuzi 30 na zaidi, na maji yetu tunayajua. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na mwenye maradhi yanayodhoofisha mwili wasile kabisa pojo zilizoota zikiwa mbichi. Kwa wengine pia hatuoni haja. Moto hupunguza vitamini C, ni kweli, lakini hauimalizi ikiwa zimepikwa kwa muda mfupi. Na ndimu inayokamuliwa juu yake baada ya kuepuliwa ina vitamini hiyo kwa wingi. Aliyepoteza kidogo akasalimika hakupoteza.

Mkaza mwana alikuwa na upungufu wa damu, kama wajawazito wengi, na kliniki ilimpa vidonge vya madini ya chuma. Tulimsikia mgeni mmoja akimwambia aviache maadamu anakula pojo. Asiviache. Chakula kinasaidia, na vidonge vimewekwa kwa kipimo. Hiki hakikatazi kile. Kilicho na faida ni kuangalia kinachoandamana na chakula chenyewe: vitamini C husaidia mwili kuyapata madini ya chuma, na chai huyazuia. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kumalizia kila mlo kwa chai ya rangi au ya maziwa hata midomo haijakauka. Dada yetu alikiondoa kikombe katika sinia ya mchana akakirudisha Alasiri. Mkaza mwana alinuna siku mbili.

Mwezi wa tatu majirani walianza kuagiza. Mtoto yule aliyekuwa akitumwa sokoni akawa anashusha vibakuli badala ya kupandisha mifuko, na dada yetu akawa na shilingi zake mwenyewe katika kopo la maziwa, kidogo, lakini zake. Alituuliza namna ya kuuza iliyo salama. Tulimwambia asiuze kwa mizani zikiwa zinachuruzika, kwa sababu atakuwa ameuza maji kwa bei ya pojo. Auze kwa kibakuli kinachoonekana, zimekwisha kukauka maji, na amwambie mnunuzi zimeota lini na kwamba ni za kupikwa. Mwenye friji azile ndani ya siku mbili. Asiyekuwa nayo azipike siku ileile. Alitoza shilingi 20 kwa kibakuli, na hakuongeza hata alipokosa kuzitosheleza nyumba zilizokuwa zikiagiza.

Mkaza mwana alijifungua salama mtoto wa kike wiki mbili baada ya eda kwisha, na dada yetu aliweza kwenda naye hospitalini na kushika mkono wake. Biashara ile haikufa. Sasa ana makung'uto manne, moja la kila siku na moja la akiba, ili kila asubuhi pawe na pojo zilizofika.

Kwa mwenye kutaka kujaribu wiki hii, mapishi anayoyapenda yeye ni haya. Kitunguu kimoja kikaangwe kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, kifuatwe na thomu na tangawizi, pilipili ya kijani iliyopasuliwa, bizari ya manjano kiasi cha ncha ya kijiko, na nyanya moja. Zikishaungana, tia vibakuli viwili vya pojo zilizoota na chumvi, koroga, mimina tui jepesi nusu kikombe, funika na uache zichemke kwa dakika saba au nane, mpaka ziwe moto hadi ndani na mvuke utoke kila upande, lakini mkia usipondeke. Tui zito kidogo litiwe mwisho na lisiachwe kuchemka sana. Epua, kamua ndimu, nyunyiza kotimiri. Huliwa kwa chapati au kwa wali mweupe. Yule mama wa Kibohora anasema tui limeziharibu, na kila wakikutana ngazini huambizana hivyo.